Mwalimu Asiyependa Povu

Ungemkuta Mwalimu anaosha vyombo uani kwake, usingedhani kwamba nusu ya mtaa wetu wa Dunda inaosha vyombo kwa sabuni aliyoikoroga yeye. Mwenyewe alitumia majivu. Majivu ya vifuu, yamechekechwa vizuri, ndani ya kopo la maziwa, na kipande cha gunia cha kusugulia. Siku ya kwanza nilipoona hivyo nilidhani sabuni imemwishia, nikaenda dukani nikamletea chupa ya sabuni ile ile inayotengenezwa na kikundi chake, ya kijani. Akaipokea, akaigeuza juu chini, akatazama kiputo cha hewa kikipanda polepole ndani ya chupa.

"Umeinunua?"

"Nimeinunua, Mwalimu."

"Ahsante. Basi kaitumie wewe. Mimi nikiosha na hii ninaanza kuikagua, vyombo havitakwisha."

Akanirudishia chupa yangu, akaendelea kusugua sufuria.

Tulipakana ukuta kwa miaka mingi, yeye upande wa msikiti, mimi upande wa barabara. Mimi ni mshonaji, na cherehani yangu hukaa kibarazani, kwa hiyo mambo yake mengi niliyaona bila kuyatafuta. Alikuwa amestaafu kufundisha kemia sekondari. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Mumewe, Mzee Shomari, naye alimwita Mwalimu, hata wakiwa wawili chumbani. Hilo aliniambia Mwalimu mwenyewe, sikulisikia kupitia ukutani.

Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko mumewe, na alijifunga kanga kwa namna ya mtu anayetaka mikono yote miwili ibaki huru. Alipostaafu alikaa nyumbani kwa muda mfupi sana. Alisema nyumba ilikuwa imenyamaza mno, na Mzee Shomari alisema Mwalimu ndiye asiyenyamaza. Kabla hatujajua vizuri kilichotokea, ua wake ulikuwa na mapipa ya bluu, ndoo na miiko mirefu, na wanawake wa mtaani tulikuwa tumeshajiunga kwenye kikundi cha sabuni ya maji. Mimi nilijiunga kwa sababu nilikuwa jirani. Bi Mwanahamisi, mkaanga samaki wa sokoni, alijiunga kwa sababu alitaka sabuni inayoondoa harufu ya samaki mikononi kabla hajamshika mjukuu wake. Wengine walikuja kwa sababu Mwalimu aliwahi kuwafundisha, na hawakujua namna ya kumkatalia.

Alitufundisha vizuri, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikupata suluhu mpaka mwisho. Mwalimu hakupenda povu.

"Povu ni hewa iliyovaa nguo," alikuwa akituambia. "Halisafishi kitu. Kinachosafisha ni kile kilichomo majini, ambacho hamkioni."

Bi Mwanahamisi ndiye aliyeuza sokoni, na yeye aliwaona wanunuzi kwa macho yake. Mtu anachukua chupa, anaitikisa, anaangalia povu. Kisha anaiinamisha kuona kama sabuni inateremka polepole kama asali. Basi, ameshaamua.

"Watu wanataka povu, Mwalimu."

"Watu wanataka sahani safi."

"Wanataka povu, halafu uzito, halafu sahani."

Walibishana hivyo kila wiki, wakikoroga pipa moja, kila mmoja na mwiko wake, na sikuwahi kumwona yeyote kati yao akiacha kukoroga kwa hasira.

Kuhusu lugha alikuwa mkali kuliko kwenye kemia. Tulipochapisha vibandiko vya chupa, kijana wa kuchapisha aliandika: "Sabuni bora, inanuka vizuri." Mwalimu akakataa boksi zima. Kijana akamuuliza tofauti ni nini. Mwalimu akamvuta karibu na karo la jirani, akamwambia avute pumzi. "Hii inanuka," akasema. Kisha akamfungulia chupa ya manukato ya ndimu. "Hii inanukia. Sasa nenda kachape upya." Kijana yule mpaka leo akipita mbele ya karo hucheka peke yake.

Alitaka kila mtu afike kwa wakati, na yeye hakuwahi kufika popote kwa wakati. Sababu ilikuwa wanafunzi wake. Walijaa mjini: benki, sokoni, stendi, hospitali. Kila mmoja lazima asimame, "Shikamoo Mwalimu," "Marahaba, hujambo," na hapo Mwalimu anaanza kukumbuka. Hakukumbuka majina. Alikumbuka makosa. Bwana mmoja mnene wa ofisi, mwenye heshima zake, Mwalimu alimtambulisha kwetu hivi: "Huyu ndiye aliyeandika kwenye mtihani kwamba maji yana mifupa." Yule bwana akainamisha kichwa kama mtoto, akacheka, akambebea mfuko mpaka kwenye kona. Walimpenda kwa jambo hilo, sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu mtu anayekumbuka kosa lako la miaka ile, alikuwa amelisoma kweli.

Sasa nieleze alivyotufundisha kuhusu ule unga, maana bila hilo mtu hataelewa yaliyotokea baadaye.

Sabuni ya maji ina vitu vingi, lakini vitatu ndivyo vilivyotusumbua. Cha kwanza ni slesi, ute mzito mweupe unaokuja kwenye madumu, na huo ndio unaosafisha. Cha pili ni unga mweupe wa kuongeza uzito. Jina lake la dukani ni siemsi. Sisi tuliuita unga wa mlenda, kwa sababu ukilowa unavutika vile vile. Mwalimu alitwambia asili yake ni selulosi, kitu kile kile kinachofanya bua la mhindi lisimame na pamba iwe pamba. Kiwandani wanakigeuza kidogo ili kikubali kuyeyuka majini. Na cha tatu, kidogo tu, ni chumvi ya kawaida.

Bi Mwanahamisi akauliza kwa nini chumvi, maana sabuni haiendi kuliwa. Mwalimu akafikiri, kisha akatusimamisha wote uani kwa mstari mrefu.

"Nyinyi ni uzi mmoja wa selulosi," akasema. "Shikaneni ncha za kanga."

Tukashikana ncha za kanga.

"Sasa, mmegombana. Kila mmoja hataki kumkaribia mwenzake, lakini kanga hamwezi kuiachia. Mtafanya nini?"

Tukajitenga kadiri kanga zilivyoruhusu, tukavutana, mstari ukanyooka kutoka kwenye karo mpaka kwenye mlango wa uani. Wanaume waliokuwa wanakunywa kahawa kibarazani pa jirani wakainuka kuchungulia.

"Huo ndio uzi kwenye maji matamu," Mwalimu akasema. "Umenyooka, umechukua nafasi ya ua mzima, na mtu akitaka kupita anapata shida. Ndiyo maana maji yanakuwa mazito. Mzee, pitisha."

Mzee Shomari akatoka ndani na sinia la haluwa. Sijui alimshawishi vipi. Akapita katikati yetu taratibu, akimpa kila mmoja kipande, na sisi, bila kuambiwa, tukaanza kusogeleana, maana haluwa haipokelewi kwa mkono ulionyooshwa mbali. Mara tukawa tumejikusanya kwenye kona moja ya ua, tunatafuna, kanga zimelegea.

"Na hiyo ndiyo chumvi," Mwalimu akasema. "Imepunguza ugomvi wenu, mmejikunja. Uzi ni ule ule, lakini sasa ua uko wazi, mtu anapita. Sabuni imekuwa nyepesi."

"Kwa hiyo chumvi ni mbaya," nikasema.

"Kwa uzi. Kwa slesi ni kinyume."

Slesi, akatueleza, ni vitu vidogo vyenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Vikiwa majini vinajikusanya vibonge vibonge, mikia ndani, vichwa nje. Chumvi kidogo inavifanya vibonge virefuke, viwe kama tambi, na tambi zikisokotana sabuni inakuwa nzito. Chumvi ikizidi, tambi zinaacha kushikana, na sabuni inarudi kuwa maji.

"Na slesi na huo uzi wakikutana?" akauliza Bi Mwanahamisi.

"Wanakaa kama wake wenza wenye tabia nzuri. Hawakumbatiani, maana wote wana aina moja ya umeme, na umeme wa aina moja husukumana. Lakini wamebanana nyumba moja, na kila mmoja anamfanya mwenzake achukue nafasi."

Wale wanaume wa kibarazani waliuliza kama haluwa imebaki.

Mzee Shomari alikuwa mtu wa chumvi kwa maana nyingine. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi pale pwani, na aliikumbuka kwa mapenzi, weupe wake, na jinsi jua lilivyoikausha. Alitia chumvi kwenye kila kitu. Alitia kwenye embe, kwenye chai ya maziwa, na siku moja nilimwona akitia kwenye haluwa. Kisha hospitali wakampima presha, na Mwalimu akaichukua chumvi yote iliyokuwamo nyumbani na kuiweka kwenye kabati la vifaa vya sabuni, akafunga kwa kufuli. Tangu hapo Mzee alipita kwangu asubuhi kunisalimia, na macho yake yalikuwa jikoni kwangu. Mwalimu alinikataza kumpa. Alimpikia mumewe chakula kisicho na chumvi kabisa, na yeye mwenyewe, kwa ajili ya kumsindikiza, alikula hicho hicho. Nilimuuliza kama hakimshindi. Akasema kinamshinda kila siku.

Kiangazi nilichotaka kukieleza ni kile bomba lilipokauka. Maji ya mto yalikuwa hayafiki mjini, tukarudi kwenye visima, na visima vya karibu na pwani wakati wa kiangazi vinakuwa na chumvi. Sote tulijua. Tuliyanywa tukikunja uso, tukayaogea, nywele zikawa kama katani. Kisha ukaja ugonjwa wa kuhara. Ulianza mtaa wa pili, ukaingia wetu. Bwana afya akapita nyumba hadi nyumba. Zahanati ikaomba kikundi chetu kitoe sabuni ya kunawia, iwekwe na ndoo za maji penye watu: msikitini, sokoni, stendi. Tukakubali siku hiyo hiyo. Mwalimu alifurahi sana. Alivaa koti lake jeupe la shule, ambalo hakuwa amelivaa tangu alipostaafu.

Tukakoroga kama siku zote. Slesi, unga wa mlenda, kijiko cha chumvi mwishoni. Sabuni ikatoka kama maji yaliyotiwa rangi ya kijani. Tukaongeza unga, ukafanya madonge, kama ugali uliopikwa na mtu mwenye hasira. Tukaongeza chumvi kama Mwalimu alivyotufundisha, ikazidi kuwa nyepesi.

"Haidhuru," Mwalimu akasema. "Slesi imo humo, ile ile. Inasafisha sawasawa. Uzito ni mapambo tu."

Alikuwa anasema kweli, na kweli hiyo ilitutia matatani. Tulizipeleka chupa. Mtu sokoni alichukua moja, akaiinamisha, ikamwagika yote kiganjani kwake kwa mara moja. Akawatazama wenzake, akasema, "Hii imechakachuliwa." Neno likasambaa haraka kuliko ugonjwa. Mwalimu anaongeza maji kwenye sabuni. Mwalimu anafanya biashara na maradhi ya watu. Mama mmoja, aliyefundishwa na Mwalimu mwenyewe, alimwaga chupa nzima kwenye mfereji wa barabarani, mbele yetu, akaondoka bila kusalimia.

 Mwalimu alikwenda sokoni na koti lake, akasimama mbele ya meza za samaki, akapaka mikono yake mafuta ya samaki mpaka viwiko, akanawa kwa sabuni ile nyepesi mbele ya kila mtu, akawanyooshea watu mikono wainuse. Watu walinusa. Walikubali kwamba hainuki. Waliitikia kwa kichwa, kwa adabu, wakamwambia ahsante Mwalimu, kisha wakanawa kwa maji matupu wakaenda zao.

Jioni hiyo alikaa uani kwake juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilimletea chai, hakuinywa.

"Wameona kwa macho yao," akasema.

"Wameona, Mwalimu."

"Sasa kwa nini?"

 Nilikuwa ninajua kwamba hata mimi, nyumbani, mkono wangu ulikuwa unaipita chupa ile na kwenda kwenye sabuni ya mche.

Siku iliyofuata mjukuu wa Bi Mwanahamisi akalazwa. Alikuwa mtoto wa kike, anaanza kutembea, mwenye mashavu. Bi Mwanahamisi alikuja kutuaga akiwa anakwenda hospitali, kanga mkononi, na hakusema lolote kuhusu sabuni. Alimwambia Mwalimu tu, "Niombee." Mwalimu akasema, "Nitakuombea." Alipotoka, Mwalimu aliingia ndani, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akilia, na hilo kweli nililisikia kupitia ukutani.

Asubuhi alikuwa mtu mwingine. "Nitawapa uzito wao," akasema. "Wakitaka iwe kama ulimbo, itakuwa kama ulimbo." Akampigia simu bwana wa Dar aliyetuuzia unga wa mlenda, akamfokea kwa Kiswahili sanifu kwamba amemuuzia unga mbovu. Yule bwana akaapa unga ni ule ule. Mwalimu akakata simu, akaenda kumpikia mumewe uji.

Mzee Shomari akanywa kijiko cha kwanza, akatulia. Akanywa cha pili. Uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyepewa habari njema.

"Mwalimu," akasema, "leo umenihurumia."

"Kwa lipi?"

"Umetia chumvi."

"Sijatia."

"Umetia. Ninaijua."

"Mzee, chumvi yote imefungiwa kabatini."

Nilikuwa mlangoni, nimekuja kuuliza habari za hospitali. Nilimwona Mwalimu akichukua kijiko mkononi mwa mumewe, akaonja. Akaonja tena. Kisha akakaa chini sakafuni, akaweka mkono mdomoni, akaanza kucheka, kicheko kirefu kisicho na sauti, mabega yanatikisika. Mzee Shomari alinitazama mimi, kuona kama ninaelewa.

Maji ya dukani aliyozoea kumpikia Mzee yalikuwa yamekwisha, na uji ule aliupika kwa maji ya kisima. Kwenye sabuni alikuwa ametia chumvi kwenye chumvi. Ameishi na maji yale, ameyanywa, ameyalalamikia, lakini alipokoroga sabuni mkono wake ulikuwa unafuata mazoea ya maji ya bomba. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi ya kutosha tambi zote, na zaidi. Kile kijiko chetu cha mwisho ndicho kilichokuwa kikiziachanisha. Na ule unga wa mlenda, tulikuwa tunaumimina moja kwa moja kwenye maji ya chumvi, ukajikunja kabla haujafunguka. Hayo ndiyo yaliyokuwa madonge.

"Unga unataka maji matamu kwanza," akatueleza, koti limekwishavaliwa. "Ujinyooshe, unywe, uvimbe. Ukishashiba, chumvi ikija baadaye haiwezi kuukunja wote."

"Tutapata wapi maji matamu?" nikauliza. Mvua hakuna, bomba hakuna, na maji ya dukani hayatoshi pipa.

Mwalimu akatazama juu, kwenye ukuta wa gesti iliyo ng'ambo ya barabara. Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha. Tone, tone, tone, chini kumeota majani mabichi katikati ya kiangazi.

"Hayo yametoka hewani," akasema. "Hayajaijua chumvi."

Siku ile wanawake wa kikundi tulisambaa mjini na ndoo, kila mmoja chini ya kiyoyozi chake. Mimi nilipewa nyuma ya benki. Mlinzi akaja, akanisimamia.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninakinga maji."

"Ya nini?"

"Ya kemia."

Akafikiri. "Mwalimu amewatuma?"

"Ndiyo."

Akaniletea kiti. Kumbe alikuwa mwanafunzi wake, aliyewahi kuandika kwenye mtihani kwamba dhahabu huota. Mchana ule habari zilizunguka kwamba Mwalimu anakusanya jasho la wageni wa gesti, na watu walikuja kuona kwa macho yao, na wengine walirudi nyumbani kuleta ndoo kusaidia. Sijui walidhani wanasaidia nini.

Unga ulilala kwenye maji yale mpaka kesho yake, na tulipofunua pipa ulikuwa mlaini, unang'aa, umevimba kama mlenda wa harusi. Tukaumwaga kwenye slesi na maji ya kisima, bila kijiko cha chumvi. Bi Mwanahamisi hakuwepo kubisha, kwa hiyo Mwalimu alikoroga kwa miiko miwili. Sabuni ikaanza kushika. Ikawa nzito, ikavutika kwenye mwiko, kiputo kikikwama njiani. Akapima kwa kidole jinsi inavyoteleza, akanitazama.

"Ni ile ile," akasema. "Haisafishi zaidi hata kidogo."

"Ninajua, Mwalimu."

"Nilitaka tu useme unajua."

Watu walinawa. Msikitini, sokoni, stendi, chupa zilikuwa zinaisha na kurudishwa tupu. Wengine walisema Mwalimu amejirekebisha. Yeye aliitikia, "Nimejirekebisha," na alipofika kwangu alikaa kibarazani akasema, "Watu hunawa kwa macho kwanza. Miaka yote nilikuwa ninafundisha mikono." Mjukuu wa Bi Mwanahamisi alitoka hospitali amekonda, mashavu yakarudi taratibu, ugonjwa ukaisha mtaani. Mwalimu alimpigia simu muuza unga, akamwomba radhi kwa kirefu, na katikati ya kuomba radhi akamsahihisha ngeli.

Tangu hapo aliacha kugombana na Bi Mwanahamisi kuhusu povu. Hakulipenda, lakini aliliachia lipite, kama mtu anavyomwachia mgeni mwenye kelele.

Mzee Shomari alifariki baadaye, usingizini, bila kusumbua mtu. Mwalimu alikaa eda yake yote kwa utulivu ulionitisha. Ilipokwisha, alikabidhi kikundi kwa Bi Mwanahamisi, akaenda kukaa kijijini Miono kwa bintiye ambaye ni muuguzi huko. Nilidhani tutamwona kila mwezi. Tulimwona kwenye misiba na harusi tu, na mara nyingi tulimsikia kwenye simu, anaongea haraka, anakata kabla hujaaga.

Mara ya mwisho niliyomwona kwa kirefu ni mwaka huu. Alinipigia simu asubuhi.

"Njoo Miono," akasema. "Kuna jambo la kukataa, na ninataka shahidi."

Nilipanda gari hadi Msata, gari jingine, kisha bodaboda kwenye vumbi jekundu. Nilimkuta kibarazani kwa bintiye, amenenepa kidogo, amevaa dera nililomshonea mimi zamani. Nikamwamkia. Akaitikia, akanikalisha, akanieleza kwa namna aliyokuwa akieleza jaribio la maabara. Kuna mkulima wa mananasi, amefiwa na mkewe, mtu wa swala tano. Ameshapeleka posa kwa kaka yake Mwalimu, aliyeko Mlandizi, na kaka amesema hana neno. Leo anakuja kupata jibu. Jibu ni hapana. Ila bintiye yuko kazini, na si vizuri kumkatalia mtu mwenye adabu ukiwa peke yako.

"Na mimi nifanye nini?"

"Ukae. Nikianza kulegea, ukohoe."

Yule bwana akaja alasiri, kofia safi, kanzu imepigwa pasi, nanasi moja mkononi, limefungwa kwenye gazeti. Alikuwa na sauti ya chini na Kiswahili chenye Kikwere ndani yake, na Mwalimu, nilisubiri, hakumsahihisha neno lolote. Wakaulizana hali. Wakazungumza kuhusu mvua. Kisha Mwalimu akanyoosha mgongo.

"Bwana," akasema, "mimi nimezeeka. Nimeshazoea mambo yangu. Kuna sababu gani mtu mwenye shamba na watoto wakubwa atake kuanza upya?"

Yule bwana alitazama mikono yake.

"Nikila peke yangu ninamaliza haraka," akasema. "Halafu jioni inakuwa ndefu."

Mwalimu alifungua mdomo. Nilimjua kwa miaka mingi, nilimwona akijibu maafisa, masheikh, watoto, na wauza unga wa Dar. Safari hii mdomo aliufunga tena. Akanitazama mimi, na mimi nilikumbuka kwamba nilitakiwa nikohoe, na koo langu lilikuwa salama kabisa.

"Unapika nini?" akamuuliza hatimaye, taratibu.

"Wali. Unaungua chini."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Moto unauacha mkubwa."

"Ninaupunguza."

"Huupunguzi," akasema Mwalimu. "Ungeupunguza usingeungua."

Yule bwana akafikiri kwa makini, akakubali kwamba huenda kweli. Mwalimu akasogeza kiti chake mbele kidogo ili amweleze vizuri.

Nikainuka, nikasema ninakwenda kumenya nanasi.  Jikoni nikapata kisu na sinia, nikalimenya polepole, nikitoa macho ya nanasi moja moja, na nilipomaliza nikalikata vipande vidogo kuliko inavyohitajika. Nje sauti ya Mwalimu ilikuwa imefika kwenye mvuke na mfuniko, na ile sauti ya chini ilikuwa inauliza maswali. Niliosha kisu. Nikaosha sinia ambalo halikuwa chafu. Kisha nikakaa kwenye kibao cha jikoni, nikaanza kula nanasi lao peke yangu, kipande baada ya kipande, maana sikuona kwamba kuna mtu aliyekuwa akilisubiri.